Maswali kwa Bwana Shamba: Lundo la mgodi si shamba

Tangu gazeti letu lichapishe makala kuhusu vumbi la migodi ya Nyanza Kusini, barua ninazopokea zimebadilika. Zamani niliulizwa juu ya viwavijeshi na bei ya mbolea. Sasa naulizwa ni mmea gani unaoweza kuota juu ya marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mwamba kusagwa na kuoshwa. Nilifanya kazi ya ugani Migori, kisha Kakamega hadi nikastaafu, na jambo hili linanigusa, kwa hiyo safu nzima ya toleo hili nimeipa. Majina ya walioandika nimeyahifadhi.

*Bwana Shamba, pokea salamu zangu. Nimeolewa Nyatike, karibu na mgodi wa zamani wa Macalder. Nyuma ya boma letu kuna lundo la mchanga wa kijivu na njano ambalo mzee alilikuta tangu utotoni. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mvua ikinyesha, maji ya rangi ya kutu yanateremka hadi kijitoni. Nilipanda mahindi juu yake yakakauka. Nikapanda miche niliyopewa kwenye baraza la chifu, nayo ikakauka. Jirani mmoja anasema nipande mikaratusi kwa kuwa haishindwi na kitu. Mwingine anasema nimwage mbolea ya DAP kwa wingi. Nifanye nini?*
*— Mama wa watoto wanne, Nyatike*

Mama, pole sana kwa vumbi hilo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wengi wa jirani zako wana swali lilo hilo.

Mgodi wa Macalder ulifungwa 1966. Mwamba wake ulikuwa na shaba, zinki, dhahabu na fedha, vyote vikiwa vimefungamana na salfa. Ulisagwa ukawa unga, kilichotakiwa kikatolewa, na unga uliosalia ukamwagwa hapo ulipo hadi leo. Ndani yake imebaki pairiti, madini ya njano yanayong'aa ambayo mchimbaji mgeni huyadhania dhahabu. Yakiwa chini kabisa ya ardhi hayamdhuru mtu. Yakisagwa na kukutana na hewa na maji, hugeuka kuwa asidi ya salfa na kutu, na wapo bakteria wanaopata riziki yao humo na kuharakisha kazi hiyo. Asidi huyeyusha shaba na zinki zilizobaki, na hayo ndiyo maji mnayoyaona kijitoni. Mzizi wa mahindi ukigusa shaba iliyoyeyuka, ncha yake hufa. Mche husimama kwa muda ukila akiba ya mbegu, kisha hukauka huku mvua ikinyesha. Isitoshe, unga wa mwamba hauna naitrojeni, hauna mboji, hauna hata nyungunyungu. Ukilowa unashikana usipitishe hewa, na ukikauka unapeperuka.

Kwa hiyo hukukosea namna ya kupanda. Hapo hapakuwa udongo.

DAP usiitie. Haiondoi asidi wala shaba, na kwenye marudio ya dhahabu inaweza kuleta balaa lingine. Mwamba wa dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na aseniki, sumu ambayo hushikamana na chembe za kutu ikatulia. Fosfeti iliyomo kwenye DAP inafanana na aseniki kikemia, hivyo inaisukuma kutoka pale iliposhikamana, na aseniki inaingia kwenye maji.

Chokaa je? Chokaa ya Koru ni nzuri na naipenda, lakini fanya hesabu kabla ya kukodi lori. Marudio yenye salfa ya asilimia 1 yanahitaji takriban kilo 31 za chokaa ya mawe kwa kila tani, ili asidi yote itakayozalika miaka ijayo ipate kitu cha kuimaliza. Eka moja, ukitibu sentimita 30 za juu tu, ina karibu tani 1,800 za marudio. Hizo ni tani 56 za chokaa, karibu lori sita za tani kumi kumi. Na hiyo ni kwa salfa ya asilimia 1 pekee. Marudio ya mwamba wa aina ya Macalder yanaweza kuzidi hapo. Ukimwaga magunia machache, nyasi zitachipua msimu huo, wapiga picha watakuja, kisha asidi iliyobaki itaamka na nyasi zitakufa. Nimewaona watu wakivunjika moyo namna hiyo na sitaki uwe mmoja wao.

Ushauri wangu ni huu: funika kwanza, ndipo upande. Nyasi unazitaka zishike kifuniko, na kifuniko kinazuia vumbi, hewa na maji.

Anza na maji, hata kabla ya kufikiria mbegu. Upande wa juu wa lundo chimba mtaro wa kukinga, ule ule tunaochimba juu ya matuta ya fanya juu, upeleke maji ya mvua pembeni yasipite kwenye marudio. Upande wa chini jenga kizuizi cha mawe ili mchanga unaoteremka ukwame hapo badala ya kufika kijitoni na baadaye Mto Kuja. Kuta zilizo wima punguza mwinuko kwa jembe, polepole, wakati mchanga una unyevu kidogo ili usivute vumbi, na kitambaa kiwe puani.

Kisha tandaza kokoto au mawe madogo, kama sentimita 30. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua. Wakati wa kiangazi maji yaliyo ndani ya marudio hupanda juu kupitia vitundu vidogo, yakibeba chumvi za shaba na salfa. Ule utando mweupe, au wa kijani na buluu, unaouona lundo likikauka ndio chumvi hizo. Ukiweka udongo moja kwa moja juu ya marudio, baada ya kiangazi kimoja au viwili chumvi zitafika kwenye mizizi. Kokoto zina mianya mikubwa, maji hayawezi kuzipanda. Na mbuzi wasiachwe waulambe utando huo.

Juu ya kokoto weka udongo wa kawaida, usipungue sentimita 30, uliochanganywa na samadi iliyoiva. Hapo Migori mna bahati ya kiwanda cha sukari cha Awendo: matope yanayobaki baada ya kuchuja maji ya miwa ni mboji tayari, na makapi ya miwa yakitandazwa juu hushika unyevu na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Kwenye udongo huo ndipo chokaa kidogo inapofaa.

Sasa nyasi. Usizinunue mbali kabla hujatembea kwenye kingo za lundo lenyewe. Utakuta vipande vya ukoka vimejiotea pale ambapo kila kitu kingine kimekufa. Ukoka huo ni hazina. Huko Wales, kwenye migodi ya zamani ya shaba na risasi, watafiti wakiongozwa na Anthony Bradshaw waligundua kwamba nyasi zilizojiotea juu ya malundo zilikuwa zimebadilika kizazi baada ya kizazi zikavumilia metali, ilhali nyasi za aina hiyo hiyo kutoka malishoni hatua chache tu zilikufa zikipandwa hapo. Kutokana na nyasi hizo zikatolewa mbegu za kuuzwa, na mbili kati yake zikapewa majina ya migodi zilikotoka, Parys na Goginan. Jambo la kukumbuka ni kwamba nyasi iliyozoea shaba haijazoea risasi. Kwa hiyo chukua vipandikizi kwenye lundo lako mwenyewe, uvizidishe kitaluni, uvipande mvua ndefu zinapoanza Machi. Kwenye mteremko weka mistari ya nyasi za vetiva ikifuata kontua, yaani ikikata mteremko kwa usawa. Mizizi yake hushuka chini wima na kushika udongo. Mchaichai nao ungeshika, lakini sipendi upandwe hapo, kwa sababu hakuna mtoto atakayekumbuka kwamba ule wa nyuma si wa chai.

Mikaratusi hapana, angalau si juu ya kifuniko. Mizizi yake itatoboa hadi kwenye marudio na kufungua njia ya maji na hewa, majani yake yakianguka hayaachi nyasi zikue vizuri chini yake, na siku utakapouza nguzo, lundo litabaki uchi. Ukitaka miti, ipande chini ya lundo, kwenye udongo halisi. Mvinje ni mzuri kwa sababu unajipatia naitrojeni wenyewe. Kule Bamburi, Mombasa, René Haller alipoanza 1971 kupanda kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, alijaribu miti ya aina 26, na mvinje ukawa miongoni mwa mitatu tu iliyosimama. Majani yake yaliyoanguka yalikataa kuoza mpaka jongoo wakubwa walipoletwa kuyatafuna. Miaka ikapita, ukawa msitu.

Najua huna lori wala tingatinga. Basi kwa msimu huu, wakati unapiga kelele kwa kaunti, fanya lililo ndani ya uwezo wako: panda ua mnene wa ojuok, yaani mnyaa, kati ya lundo na nyumba, kwenye udongo wako mzuri, na nyuma yake mstari wa mivinje. Ojuok hauhitaji kubembelezwa na mbuzi hawali. Vumbi kubwa litanaswa hapo. Kisha funika lundo kwa vipande, ukianzia upande unaopokea upepo. Kipande kidogo kilichofunikwa sawasawa ni bora kuliko eka nzima iliyonyunyiziwa mbegu. Na maji ya kile kijito watoto wasiyanywe wala wasiyaoge.

*Bwana Shamba, sisi ni kikundi cha vijana tunaochimba dhahabu Ikolomani. Tuna rundo la marudio tuliloosha kwa zebaki. Amekuja mnunuzi, anataka kuyanunua ayapeleke kwenye kiwanda cha sayanidi. Pesa ni nzuri. Akishayabeba tunataka kurudisha shamba la mwenyewe katika hali nzuri. Tuanzie wapi?*
*— Mwenyekiti wa kikundi, Ikolomani*

Mwenyekiti, naheshimu sana kwamba mnawaza juu ya shamba la mwenyewe kabla hamjaondoka. Lakini hiyo biashara isimamisheni kwanza.

Sayanidi huyeyusha dhahabu, na huyeyusha zebaki pia. Marudio yenye zebaki yakiingia kwenye tangi la sayanidi, zebaki iliyokuwa imelala chini kama vitone inageuka kuwa kitu kinachosafiri na maji. Ikifika kwenye tope la mto au kinamasi, vijidudu huibadilisha kuwa zebaki ya kikaboni inayoingia kwa samaki, na samaki huliwa na mama mjamzito. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017 na ambao Kenya ni mwanachama, unazitaja kazi nne za wachimbaji wadogo zinazopaswa kukomeshwa: kuosha mwamba wote kwa zebaki, kuchoma dhahabu yenye zebaki hadharani, kuichoma kwenye makazi, na hiyo ya kupeleka sayanidini marudio ambayo zebaki yake haijatolewa. Mnunuzi wenu anawaomba mshiriki katika hiyo ya nne. Muulizeni ataitoaje zebaki kabla. Akisema haina shida, mmeshapata jibu.

Kuhusu shamba, mambo makuu yanafanyika kabla ya jembe la kwanza, kwa hiyo mengine ni ya shimo mtakalofungua baadaye. Udongo mweusi wa juu uondoeni peke yake na kuuweka mbali, usirundikwe zaidi ya kimo cha mtu, upandwe mimea ya kufunika udongo kama mukuna au desimodiamu ili usife ukiwa unangoja. Nimeona mashimo mengi ambako udongo wa juu ulimwagwa kwanza, kisha ukazikwa chini ya kifusi. Hapo mwenye shamba amepoteza kazi ya karne nyingi kwa asubuhi moja. Mawe na kifusi visivyosagwa virudishwe shimoni, vishindiliwe kila tabaka, kisha udongo wa juu urudi mahali pake.

Marudio ya zebaki msiyarudishe kwenye shimo lililofika maji, na msiyachanganye na kifusi safi. Yatengewe mahali pa juu, mbali na mto, juu ya sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa, yafunikwe na kupandwa nyasi kama nilivyomweleza mama wa Nyatike. Pasiwe na bwawa wala mpunga hapo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa najua wengi wenu mnachomea dhahabu jikoni. Mizizi huipandisha zebaki kwa shida, lakini majani huivuta kutoka hewani. Sukuma wiki iliyo karibu na jiko la kuchomea inaweza kuwa na zebaki hata kama udongo wake ni safi kabisa. Na kabla ya sukuma wiki, ni mapafu yenu na ya watoto wenu.

*Mwalimu, nasoma Maseno. Nimejifunza kwamba kuna mimea inayonyonya metali kutoka ardhini. Kwa nini tusiipande kwenye marudio ya Migori na Kakamega, tuivune, tumalize sumu yote kabisa badala ya kuifunika?*
*— Mwanafunzi, Maseno*

Binti yangu, swali lako ni zuri, na mimea hiyo ipo kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walionyesha kwamba jimbi liitwalo Pteris vittata hunyonya aseniki kwa kiasi cha kushangaza. Huko Katanga na Zambia kuna mimea midogo yenye maua ambayo wanajiolojia waliifuata ili kuipata shaba.

Chukua karatasi tuhesabu. Hekta moja, sentimita 20 za juu, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Tuseme una risasi gramu 500 kwa kila tani. Jumla ni kilo 1,300 za risasi. Panda mmea unaokupa tani 10 za majani makavu kwa mwaka, wenye risasi gramu 100 kwa tani, na hicho ni kiwango ambacho mimea mingi haikifikii. Utavuna kilo 1 ya risasi kwa mwaka. Utahitaji miaka 1,300 kwa sentimita 20, na lundo lina kimo cha nyumba. Kisha jiulize mavuno yenyewe utayaweka wapi. Ukiyaacha nje, ng'ombe atayala. Ukiyachoma, moshi utayabeba.

Ndiyo maana kwenye malundo natafuta mmea wa tabia tofauti kabisa: ule unaoifungia metali mizizini na kuacha majani yake yakiwa safi kadiri inavyowezekana. Ukitaka mada ya utafiti ambayo itawafaa watu wa kwenu, kusanya ukoka na nyasi nyingine zilizojiotea kwenye malundo yetu, pima metali iliyo kwenye mizizi na iliyo kwenye majani, utuambie ipi inaificha chini. Anza kwa madebe: marudio peke yake, marudio na chokaa, marudio na matope ya kiwanda cha sukari, na vyote pamoja.

Angalizo moja. Maua ya tithonia, yale ya njano kando ya barabara zetu, yamefanyiwa utafiti hapo hapo Maseno na yakathibitika kuwa mbolea bora ya majani. Yanaota popote, hata kandokando ya machimbo. Yaliyoota kwenye marudio yasikatwe kwenda kulishia shamba la mboga. Lazima mkulima ajue tithonia yake imetoka wapi.

*Bwana Shamba, mimi ni mzee wa hapa Rosterman, Kakamega. Tunalima mboga mahali palipokuwa na mgodi. Zinaota vizuri sana. Je, zikiota vizuri si ni dalili kwamba udongo ni salama?*
*— Mzee msomaji, Kakamega*

La, mzee wangu. Shaba na zinki huua mmea, kwa hiyo mmea wenyewe hukuonya. Risasi, kadimi na aseniki zinaweza kuwamo kwa kiwango kinachomdhuru mtoto huku sukuma wiki inang'aa.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, na marudio yake yamesambaa kwa mvua na kwa mikono ya watu. Pima. Lakini sikiliza vizuri: kipimo cha kawaida cha udongo tunachofanyiwa wakulima hutaja pH (kiwango cha asidi), naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Hakitaji risasi wala zebaki. Mnapopeleka sampuli maabara, semeni wazi kwamba mnataka risasi, aseniki, kadimi na zebaki, na mpeleke mboga pia, si udongo peke yake. Changeni wakulima kadhaa, kwa sababu vipimo hivyo ni ghali.

Wakati mnangoja majibu, hamisheni mboga za majani: sukuma wiki, mchicha, managu, saga. Majani ndiyo hukusanya zaidi na ndiyo hunasa vumbi. Mahindi na maharagwe hubeba kidogo kwenye punje, ndizi vilevile. Mboga zipandwe kwenye vitanda vilivyoinuliwa, vya udongo ulioletwa kutoka kwingine, na zioshwe kwa maji mengi.

Na mama wajawazito wanaotamani odowa, ule udongo wa kutafuna, nawasihi: isichimbwe kamwe karibu na mgodi. Risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sababu mwamba wa dhahabu uliosagiwa majumbani ulikuwa na risasi nyingi. Wazazi walikuwa wanatafuta riziki, kama sisi.

*Ni nani anapaswa kulipia usafi wa malundo haya? Mwenye shamba, serikali, au waliochimba?*
*— Msomaji, Kisumu*

Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira na arejeshe ardhi akimaliza. Sheria ya Mazingira ya 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira dhidi ya aliyeharibu, na Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hizi zinawafaa walio karibu na migodi inayofanya kazi leo. Ulizeni kwenye kila baraza la ushirikishwaji wa umma: dhamana ni kiasi gani, na mpango wa kufunga mgodi uko wapi? Kule Kwale, mgodi wa titani uliofungwa Desemba 2024 ulikuwa ukirudisha mchanga na kupanda huku uchimbaji ukiendelea. Mpango wa namna hiyo unawezekana Kenya hii hii, na mtu asituambie vinginevyo.

Malundo ya zamani ndiyo yanayoniuma. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega 1931, sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na ikichukuliwa watapewa nyingine. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha ili wachimbaji waingie bila ardhi nyingine kutolewa. Kampuni zikachimba, zikaondoka, hakuna aliyeweka dhamana. Kumwambia mama wa Nyatike leo asafishe lundo hilo kwa gharama yake ni kumwonea. Kwa maoni yangu, mzigo huo ni wa serikali ya taifa, ambayo ndiyo mdhamini wa madini yote kwa niaba ya wananchi, pamoja na kaunti zinazopata mgao wa mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali.

Na msidhani mahakama ni ya matajiri tu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wekeni kumbukumbu: picha zenye tarehe, majibu ya maabara, kadi za kliniki za watoto.

*Mimi ni fundi wa nyumba Migori. Mchanga wa karasha, yaani marudio ya mashine ya kusaga mwamba, ni laini na ni wa bure, tunaupigia plasta na kukandika sakafu. Kuna ubaya?*
*— Fundi, Migori*

Upo, ndugu yangu, na ni mkubwa. Ulaini huo unaoupenda ndio unaoufanya uingie mapafuni, na watoto wanaotambaa huramba mikono yao siku nzima. Acha kuutumia leo, na uwaambie mafundi wenzako.

Nyumba zilizokwisha kujengwa usizibomoe kwa pupa, maana kubomoa kutarusha vumbi lote hewani. Kuta zipakwe rangi ya mafuta au zipigwe plasta nyingine ya mchanga wa mtoni na saruji. Sakafu iwekewe saruji ngumu. Kabla hilo halijafanyika, mwambie mwenye nyumba aache ufagio mkavu na atumie kitambaa chenye maji, akianzia chumba wanacholala watoto, na maji hayo ayamwage mbali na kisima na bustani.